Umeandika p, kompyuta inapiga kelele: kutatua nguvu za sauti kwenye programu za noti

Jumapili jioni ndipo simu yangu hujaa. Mwalimu wa kwaya ameshinda wiki nzima akiandika noti, amezituma kwa waimbaji, nao wamejifunza kile walichosikia: kila neno kwa nguvu moja, tangu mwanzo hadi amina. "Mwalimu, nimeweka p ukurasa mzima, mbona tena wanaimba kama makanga wa Likoni?" Alama ya p ni ya sauti ndogo na f ni ya sauti kubwa; pp na ff huzidisha, mp na mf ni za kiasi.

Kwaya nyingi za hapa Mombasa hazisomi noti za mistari. Zinasoma solfa, na wengine hawasomi chochote, wanashika kwa sikio. Kwa hivyo programu ikipiga vibaya Jumatatu, kwaya itaimba vibaya Jumapili. Dalili zilizo hapa chini ni zile ninazoletewa tena na tena. Mifano mingi ni ya MuseScore, kwa sababu ni ya bure na ndiyo ninayoikuta kwenye laptopu nyingi. Panapohusu Sibelius au nyingine nitataja.

Kabla ya dalili yoyote, jua kwamba ugonjwa unaweza kukaa mahali patatu: kwenye alama, kwenye chombo kinachopiga, au kwenye njia ya kutoka kompyuta hadi sikioni. Kipimo ni hiki. Fungua faili mpya ya piano, andika noti nne, ya kwanza pp na ya mwisho ff, usikilize kwa hedfoni za waya. Ukisikia tofauti, programu yako ni nzima, na kosa liko kwenye wimbo wako au mbele zaidi. Usiposikia, acha wimbo kwanza, shughulikia kompyuta. Watu huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, halafu wanapoteza usiku mzima kwenye menyu.

Dalili: p na f zinasikika sawa

Swali langu la kwanza huwa: hiyo klipu uliitoaje? Na jibu, mara nyingi kuliko lolote jingine: niliicheza kwenye laptopu nikairekodi kwa simu. Basi hapo tumeshamaliza. Simu inaporekodi voisi inafikiri unaongea. Sauti ikishuka inaipandisha, ikipanda inaibana, na mlio unaodumu bila maneno inaweza kuudhania ni feni ikaufuta. p na f zako zote zinatoka zikiwa mf iliyochoka. Toa faili yenyewe kupitia File, kisha Export, uchague WAV au MP3, na WhatsApp uitume kama dokumenti.

Sababu ya pili iko ndani ya Windows. Kompyuta nyingi zina kitu kinachoitwa "Loudness Equalization" kwenye sifa za spika, chini ya "Enhancements". Kazi yake ni kufanya sinema zisikike vizuri usiku, yaani kuondoa kabisa kile unachohangaika kukiandika. Kizime. Spika za bluetooth za sherehe nazo zina tabia hiyo hiyo, tena nyingi hazina mahali pa kuizima, ndiyo maana nasisitiza hedfoni za waya.

Njia ikiwa safi, rudi kwenye alama. Mwalimu mmoja aliniletea wimbo wenye f tele, zote zimechapwa kwa kibodi kama maandishi ya kawaida, zikalazwa na kukolezwa wino ili zifanane na za kitabu. Zilipendeza sana. Hazikupiga hata moja. Programu haisomi umbo la herufi, inasoma aina ya kitu. Kwenye MuseScore alama lazima itoke kwenye paleti ya nguvu za sauti, ukiandika "f" au "cresc." (yaani kuza sauti polepole) kama maandishi ya stafu, ile mistari mitano ya noti, hayo ni maneno ya kumwambia binadamu, mashine inayapita. Kwenye Sibelius chapa kwa Ctrl+E. Ukitumia Ctrl+T, ambayo ni ya maelezo ya upigaji, umeweka kitu sahihi kwenye kabati isiyo yake.

Halafu angalia imeshikwa na nani. Alama inaweza kuonekana juu ya alto na huku kamba yake imefungwa kwa soprano, kwa kuwa uliiburuta kwa kipanya. Ibofye, utaona kistari chembamba kinachoonyesha ilipofungwa. Ikiwa ni pengine, ifute uiweke upya badala ya kuiburuta. Na kama soprano na alto wanakaa stafu moja, kama vitabu vingi vya nyimbo vinavyoandikwa, f moja huwapata wote wawili. Matoleo mapya ya MuseScore 4 yanakuruhusu kusema alama ni ya sauti moja tu. Kwenye ya zamani, watenganishe kila mmoja na stafu yake, angalau katika nakala ya kusikiliza.

Mwisho kabisa, chombo. Kinanda cha filimbi cha kanisani hakijali umebonyeza kwa nguvu gani: kidole kizito na chepesi vinatoa mlio uleule, na nguvu hubadilishwa kwa kanyagio au kwa kufungua filimbi zaidi. Kinanda cha kale cha kudonoa nyuzi ni vilevile. Saundifonti, yaani faili la milio ya ala ambalo programu hulipiga, ikitengenezwa kwa uaminifu itafanya hivyohivyo. Hapo hakuna kilichoharibika.

Kwa anayetaka kuingia ndani: kila alama ni namba tu. Kiwango cha MIDI, lugha ambayo ala na kompyuta huambiana noti, kilichoanza 1983, kinahesabu nguvu ya kubonyeza, velositi, hadi 127. MuseScore 3 inaziweka hivi: pp 33, p 49, mp 64, mf 80, f 96, ff 112. Bofya alama, bonyeza F8, utaiona namba na unaweza kuibadilisha. Kwenye saundifonti ya kawaida 49 na 96 zinaachana kama desibeli 12, na sikio huhisi desibeli 10 kama sauti kuongezeka maradufu. Kwa hivyo f yako ni kubwa kuliko p mara mbili na kidogo. Ndani ya hedfoni hiyo inatosha. Ndani ya tuktuk haitoshi.

Dalili: alama ya kukuza haifanyi kitu kwenye noti ndefu

Hii ndiyo ninayoipenda, maana ukiielewa umeelewa nusu ya mambo yote. Waimbaji wangu wanaiita ile alama ya mistari miwili inayofunguka "kinywa", kwa kuwa inafanana na samaki anayepiga miayo. Umeweka kinywa juu ya noti ya mipigo minne. Kwenye noti fupifupi kinafanya kazi, hapa noti inatoka bapa kama meza.

Velositi ni ule msukumo wa kulitoa dau ufukweni. Ukishalisukuma, mkono wako hauna tena la kufanya; litakwenda kwa nguvu uliyolipa. Kinachoweza kuongeza mwendo katikati ya maji ni upepo, na upepo wa MIDI ni kitu kingine kabisa: amri zinazotumwa mfululizo huku noti ikiendelea kulia, maarufu zikiwa namba 1, 2 na 11. Noti fupi kila moja inasukumwa upya, ndiyo maana kinywa kinasikika. Noti ndefu inasukumwa mara moja.

Kwa hivyo uliza kwanza: chombo hiki kina tanga? Piano haina. Nyundo ikishagonga, sauti inashuka tu hata ungefanyaje, na programu inayokuza noti ya piano katikati inadanganya. Udi haina, na zile ala nyingine za nyuzi za taarabu, kanuni na tashkota, hazina. Fidla, kodiani, filimbi na koo la binadamu vinayo.

Kama chombo kina tanga na bado hakisikii, MuseScore 3 ndiyo mtuhumiwa mkuu. Uwezo huu uliingia toleo 3.1, na unafanya kazi kwa milio ambayo jina lake linaishia na "Expr." Faili zilizozaliwa kwenye toleo la 2 hubaki na milio ya zamani. Bonyeza F10, miksa itafunguka, badilisha "Strings" iwe "Strings Expr.", kwaya vilevile. Sekunde kumi. MuseScore 4, iliyotoka Desemba 2022, inashughulikia jambo hili yenyewe, hasa ukipakua milio ya Muse Sounds, lakini hiyo inataka bando la kutosha na laptopu yenye kifua.

Ukitumia maktaba ya sauti ya kununua ndani ya Sibelius au Dorico, hapo kila mtengenezaji ana namba yake: mmoja anataka amri ya 1, mwingine ya 11, na programu inaambiwa hivyo kupitia ramani ya upigaji. Ramani ikiwa si ya maktaba yako, utasikia kimya au ukelele usioyumba. Pakua ramani ya mtengenezaji mwenyewe. Usianze kuhariri ya wengine mstari kwa mstari kama hujawahi. Nakili faili kwanza, na ukipotea njia, mtafute mtu wa studio anayeitumia maktaba hiyo kila siku. Saa yake moja ni rahisi kuliko wiki yako.

Dalili: sauti inapanda vizuri, halafu inaruka ghafla

Karibu kila mara kinywa hakijaambiwa kinaishia wapi. Umeanza p, umefungua kinywa baa tatu, halafu hakuna kitu, na baa nne mbele kuna ff. Programu inakisia, inapanda kidogo, kisha inakutana na ff na kurukia. Weka alama mwishoni mwa kinywa. Kama hutaki ionekane kwenye karatasi, ibofye na kubonyeza V. Itafichwa, lakini itaendelea kufanya kazi.

Alama zilizofichwa zina upande wao wa pili. Nyimbo zilizopita mikononi mwa watu watatu huwa na vizuka: p iliyofichwa na mtu wa kwanza inapigana na f ya mtu wa tatu, na hakuna anayejua. Washa mwonekano wa vitu vilivyofichwa kabla ya kulaumu programu.

Na kama mruko unatokea mahali popote bila mpango, hata kwenye wimbo mwingine, Windows huenda inapunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 kila inapodhani uko kwenye simu. Programu ya mikutano iliyosahauliwa wazi nyuma inatosha. Tafuta kichupo cha "Communications" kwenye mipangilio ya sauti, uiambie isifanye lolote.

Dalili: besi wanapotea kwenye sehemu za p

"Mwalimu, besi hawasikiki, niwaongezee f?" Hapana, usiwaongezee. G ya chini ya besi ni mitetemo 98 kwa sekunde, na kispika cha simu, kilicho kidogo kuliko kifuniko cha soda, hakiwezi kuisukuma hewa hiyo. Juu ya hilo, masikio yetu wenyewe hupoteza sauti za chini kwanza pale sauti inapokuwa ndogo. Ukiwapa besi f kwa ajili ya simu, siku ya kuimba watakuja na f ukumbini.

Kwa klipu ya mazoezi, badilisha mlio wa besi uwe selo au piano badala ya ule mlio wa "aah". Mlio wa selo au piano una mitetemo mingi ya juu inayolisaidia sikio kuikisia noti. Halafu, kwenye miksa, inua besi na kushusha wengine. Miksa haigusi alama. Hiyo ndiyo kanuni ya klipu zote za sauti mojamoja: anayejifunza anainuliwa kwa miksa, alama zinabaki jinsi mtunzi alivyotaka.

Dalili: ff inapasuka, inakwaruza

Sauti nane, piano na ngoma, zote ff, zinajumlishwa mahali pamoja, na dijitali haina nafasi juu ya dari yake. Tazama kipimo cha miksa: kikifika kwenye nyekundu, shusha kile kitelezi kikuu, basi. Usianze kugeuza ff kuwa f wimbo mzima. Mkwaruzo ukiendelea hata kipimo kikiwa chini, punguza sauti ya Windows na ya spika. Ukiendelea kwenye hedfoni pia, na kwenye kila wimbo, processa huenda imelemewa: funga kivinjari, ongeza ukubwa wa bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuipiga.

Dalili: ubeti wa pili unaimbwa sawa na wa kwanza

Umeandika alama ya kurudia na beti nne chini ya noti zilezile. Programu ikirudi nyuma inasoma alama zilezile. Haiwezi kujua kwamba ubeti wa tatu ni wa msalabani na unaimbwa taratibu. Tengeneza nakala ya kusikiliza, ufungue marudio yote, uandike kila ubeti kivyake na nguvu zake. Nakala ya kuchapisha iache fupi.

Dalili: alama zote zinafanya kazi, lakini ni roboti

Hapa hakuna tundu la kuziba. Noti zote zinazofuata alama ya mf zimepata velositi 80, na hakuna binadamu anayeimba hivyo. Sibelius ina kipengele cha Espressivo kinachotikisa namba hizo kidogo, na Finale ilikuwa na chake (Finale ilisitishwa Agosti 2024, ukihamisha nyimbo zako kwa MusicXML, aina ya faili ya kubadilishana noti kati ya programu, alama zitakuja lakini ufundi wa mlio mara nyingi unabaki nyuma). Vinasaidia. Lakini havijui Kiswahili.

Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. "Tunakushukuru" inaegemea "ku" ya mwisho, na "ru" inaanguka. Sasa tazama ni mara ngapi wimbo, hasa wa kutafsiriwa, unaiweka ile "ru" kwenye mpigo wa kwanza wa baa tena noti ndefu. Mashine inaipiga kwa 80 kama nyingine, urefu wake unaifanya isikike nzito zaidi, na kwaya inakuja ikiimba "tunakushukuRU" kama askari wa gwaride. Kwenye MuseScore 3 chagua noti za silabi za mwisho na uzipunguzie velositi kama asilimia 10. Kwenye toleo la 4 mimi hutumia kinywa kifupi kinachofunga, kilichofichwa, kikitangulia neno kuisha. Nikifanya hilo peke yake, bila kugusa kingine, klipu inabadilika kiasi kwamba waimbaji huniuliza ni nani aliyeimba.

Usiende mbali zaidi. Nimewahi kuhariri kila noti ya wimbo mmoja kwa siku mbili, na matokeo yalikuwa kama mlevi anayejitahidi kutembea wima. Silabi za mwisho, kilele cha kila sentensi, pumzi kabla ya koma. Inatosha.

Taarabu ni shauri jingine. Mtu akiniletea muziki wa udi na kanuni akitaka programu ipige kama bendi ya hapa mjini, namwambia ukweli: noti za udi zinatofautiana kwa risha ilipogusa uzi, juu au chini, karibu na daraja au mbali, na saundifonti nyingi zina sampuli moja kwa kila noti, inayopandishwa na kushushwa sauti tu. Kipigo kizito na chepesi ni picha moja iliyokuzwa na kupunguzwa. Nguvu unaweza kuiga. Rangi hapana. Mtafute mpiga udi, mlipe, mrekodi.

Dalili: p inafunikwa na mngurumo, au sauti za katikati zimetoweka

Hewa yetu ya bahari inakula chuma. Tundu la hedfoni la laptopu iliyokaa karibu na dirisha miaka mitatu lina kutu usiyoiona. Ishara yake ni ya ajabu: ala za pembeni na mwangwi zinasikika, waimbaji walio katikati wamekonda au hawapo. Waya wa pamoja haugusi, kwa hiyo unasikia tofauti ya kushoto na kulia tu. Zungusha plagi, sauti ikija na kuondoka, umepata. Zima kompyuta, chomeka na kuchomoa mara kumi. Ikirudia, mpelekee fundi abadilishe tundu, usiingize sindano.

Mngurumo unaofunika p: chomoa chaja, utumie betri. Ukiisha, chanzo ni chaja au umeme wa ukumbi. Fanya mazoezi kwa betri, jioni hiyo imepita.

Ila kama betri imevimba na kuinua kibodi, zima, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Kama amplifaya ya ukumbi inakupiga shoti unapogusa maikrofoni, zima kwenye swichi ya ukutani na usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani kuna sehemu zinazotunza umeme. Mwite fundi wa umeme apime waya wa ardhi. Na yule kijana atakayekwambia mngurumo unaisha ukikata pini ya juu ya plagi, au ukichomeka ya pini mbili kwa msaada wa kalamu, anasema kweli kuhusu mngurumo. Mkataze hivyohivyo, maana pini hiyo ndiyo inayoupeleka umeme ardhini badala ya kifuani mwa mwimbaji wako wa kwanza.